Mnavu

mnavu (pia mnafu) nomino, wingi *minavu*. Ngeli ya U–I. Mmea mdogo wa jamii ya nyanya na biringani, wenye maua meupe na matunda madogo ya mviringo, ambao majani yake hupikwa kama mboga. Huota wenyewe mashambani na kandokando ya nyumba, na pia hupandwa.

Mmea huhesabika: *minavu mitatu imeota*. Mboga haihesabiki: *fungu la mnavu*, *mnavu umeiva*. Anayesema *minavu imeiva* humpeleka msikilizaji shambani, si jikoni.

Kitenzi *kuiva* ndicho chenye mtego. Kiswahili hukitumia kwa tunda lililokomaa na kwa chakula kilichokwisha kupikwa, na *-bichi* nayo hubeba kinyume cha maana zote mbili. Matunda ya mnavu yakiwa ya kijani yana solanini, sumu ambayo haiondolewi kwa kuchemsha. Onyo lisemalo "usile matunda mabichi ya mnavu" mpishi anaweza kulielewa kuwa ni agizo la kuyapika kwanza. Hata "yasiyoiva" haimsaidii. Mwandishi wa maelezo ya mapishi ataje rangi na tendo: *matunda ya kijani yachambuliwe na kutupwa kabla ya kupika*. Majani huchemshwa, na wengi humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu.

Kamusi nyingi hutaja *Solanum nigrum* pekee. Jina hilo hufunika spishi kadhaa: *Solanum scabrum* ina majani mapana na matunda ya zambarau iliyokolea, *Solanum villosum* ina matunda ya rangi ya chungwa. Mfasiri ajihadhari pia na jina la Kiingereza, linalokaribiana mno na lile la *Atropa belladonna*, mmea wa Ulaya wenye sumu kali. Hizo ni jenasi mbili tofauti.

Kidahwe, pale barabara itokayo Kigoma inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, Kiswahili hukutana na Kiha, jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika Kinyarwanda *isogo* ni mnavu, ilhali *isogi* ni mgagani, mboga nyingine kabisa yenye jani lililogawanyika mfano wa vidole. Irabu moja hutenganisha vyungu viwili! Anayekusanya majina ya mboga katika ukanda huu asiliamini sikio lake pekee. Aombe kuonyeshwa jani. Nchini Kenya jina lililoenea ni *managu*, lenye asili ya Kikuyu. Wajaluo husema *osuga*.

Kwa kupanda, mbegu huminywa kutoka matunda yaliyokwisha kubadilika rangi, zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Ni ndogo sana, hivyo huchanganywa na mchanga au majivu ili zisirundikane zinapomwagwa kitaluni. Ncha na maua hukatwa ili mmea utoe matawi zaidi.

*Mfano:* Mama aliunga mnavu kwa mawese, akauandaa pamoja na dagaa na ugali wa muhogo.

Taz. pia: mchicha, mgagani, -bichi, iva.