Mchezo na Chombo Chake

Kila mchezo una vitu viwili: kanuni na chombo. Kanuni hukaa katika akili za wachezaji. Chombo hukaa mikononi mwao. Bao la Kiswahili lina kanuni nyingi na ngumu. Lina mashimo 32 katika safu nne, kete 64, nyumba ya kila mchezaji, namua mwanzoni na mtaji baadaye. Na mtu aweza kulicheza maisha yake yote asiitwe bingwa. Walakini chombo chake ni chepesi kupatikana. Mwenye uwezo humwita fundi amchongee ubao wa mti mgumu, ukarithiwa na wajukuu. Asiye na uwezo huchimba mashimo ardhini, akaokota komwe au kokoto, na mchezo ukawa ule ule. Zambia mchezo wa ukoo huo huitwa nsolo, na Malawi huitwa bawo. Ubao ukiliwa na mchwa, bao halifi. Bao hufa siku anapokufa mtu wa mwisho ajuaye kulicheza.

Michezo ya kompyuta ilizaliwa na maumbile mengine. Kanuni zake hazikai katika akili ya mchezaji, bali zimeandikwa ndani ya chombo, kwa lugha ambayo chombo cha namna hiyo peke yake huielewa. Mchezaji aweza kuucheza mchezo miaka 20 asiweze kuueleza kwa ukamilifu, wala kuuchimba ardhini chombo chake kikiharibika. Kwa hiyo historia ya michezo hii ni historia ya vyombo vinavyokufa, na ya watu waliokataa michezo ife pamoja navyo.

Zama ambazo wapenzi wa michezo hii huziita za kale hazina urefu mkubwa. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, mchezo wa vijiti viwili na nukta moja inayorushwa huku na huko. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitunga Space Invaders. Mwaka 1980 Toru Iwatani alitunga Pac-Man. Mwaka 1983 Nintendo ilianza kuuza Japani mashine ya nyumbani iitwayo Famicom. Mwaka 1984, mjini Moscow, Alexey Pajitnov alianza kutunga Tetris. Na mwaka 1985 ukatoka Super Mario Bros., uliotungwa chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto. Mwaka 1989 ilikuja Game Boy, mashine ya kubebwa mkononi. Kijana aliyekulia Osaka au Chicago miaka hiyo aliiona michezo hii ikija mmoja baada ya mwingine, kama mtoto aonavyo ndugu zake wakizaliwa.

Tanzania Bara haikuiona hivyo, na sababu yake yafaa kuelezwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuihamishia hesabu za serikali haikufaulu kama ilivyotarajiwa, ikaleta hasara na vurugu. Na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Bara ilikaa bila kituo chake mpaka mwaka 1994. Marufuku ya kompyuta yalilegezwa kidogo kidogo, yakaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi ilikuwa maskini wa fedha za kigeni, na waliotoa amri ile waliwaza mishahara, mahindi na mafuta. Hapana aliyewaza michezo ya watoto. Hata hivyo tarehe zenyewe zinasema. Pong ilitoka miaka miwili kabla ya mlango kufungwa. Mlango ulipofunguliwa, zama zote za kale zilikuwa zimepita.

Matokeo yake ni jambo ambalo vitabu vya historia ya michezo hii, vilivyoandikwa aghalabu Marekani, Ulaya na Japani, havilitilii uzito. Watu wa nchi kama Tanzania hawakuanza na kitu cha asili kisha wakaletewa mwigo wake. Walianza na mwigo. Mashine zilizoenea katika Afrika, Asia na Ulaya ya Mashariki miaka ya 1990 zilikuwa kwa wingi nakala za Famicom, zilizoundwa na viwanda vya Taiwan, Hong Kong na China bila idhini ya Nintendo. Zilikuwa nyepesi na rahisi. Zilifungwa kwenye televisheni kwa waya mmoja, zikachezwa kwa pedi mbili. Kaseti zake ziliandikwa kwa fahari kwamba zina michezo 9999, na aliyezifungua alikuta michezo michache tu, ikirudiwarudiwa kwa majina mapya mpaka hesabu itimie. Mtoto aliyecheza Mario kwa mashine hiyo hakujua kwamba yuko mbele ya nakala. Kwake huyo ndiye Mario.

Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Wilaya ilianzishwa mwaka 2012, na mkoa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya. Kusini yake iko Tunduma, mji wa mpakani, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, huingia Zambia. Bidhaa zishukazo bandarini Dar es Salaam hupita hapo kwenda Lusaka na Lubumbashi. Lakini kupitiwa na bidhaa si kuzitumia. Mashine ya kuchezea yataka televisheni, na televisheni yataka umeme. Na vijiji vingi vya Tanzania vilingoja umeme mpaka baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Kwa wakazi wengi wa vijijini nchini, chombo cha kwanza chenye kioo ambacho mtu alikimiliki mwenyewe hakikuwa televisheni wala kompyuta, bali simu ya mkononi. Basi mchezo wa mwaka 1985 uliweza kumfikia mtu kwa mara ya kwanza miaka 30 baadaye, katika kioo kisichofanana hata kidogo na kile ulichotungiwa.

Uliwezaje kufika? Hapo ndipo huingia programu iitwayo emuleta. Anayetaka kuelewa kazi yake asimame sokoni Tunduma, karibu na mpaka. Mnunuzi kutoka Nakonde asema Kibemba. Muuzaji ajua Kiswahili tu. Mkalimani asimama katikati, akalipokea kila neno na kulitoa upande wa pili, na biashara ikafanyika. Emuleta ni mkalimani wa namna hiyo. Mchezo hutoa amri kwa lugha ya prosesa ya Famicom. Simu haiijui lugha hiyo. Emuleta huipokea kila amri, huigeuza kuwa amri za simu, na mchezo hauna habari kwamba mashine yake ilikufa zamani. Ufundi huu haukuanza katika michezo. Mwaka 1964 kampuni ya IBM, ilipotangaza kompyuta zake za System/360, iliwawezesha wateja kuzitumia programu za mashine zao za zamani kwa njia hiyo hiyo, ili hesabu za maofisi zisiandikwe upya. Mwaka 1997 Mwitalia Nicola Salmoria alitoa MAME, programu ya kuiga mashine za kumbi za michezo, ambayo imeendelezwa na wengi kwa nia ya kuhifadhi. Mwaka 2012 Henrik Rydgård alitoa PPSSPP, iigayo mashine ya Sony iitwayo PSP. Na kwa programu hiyo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki hucheza katika simu michezo ya mashine ambayo hawajapata kuishika.

Mpenzi wa miaka mingi wa michezo hii akiulizwa kwa nini apende vitu vilivyopitwa, hujibu kwamba uhaba ulizaa ustadi. Jibu hilo lina ushahidi. Famicom ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, na Super Mario Bros. yote ilienea katika kilobaiti 40, ambazo hazitoshi leo kuhifadhi picha moja nzuri ya simu. Kwa hiyo wingu na kichaka katika mchezo ule ni mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili. Katika Space Invaders maadui huongeza mwendo kadiri wanavyopungua. Na mwanzo wa jambo hilo ni kwamba mashine ilikuwa dhaifu, ikawa nyepesi kila ilipobakiwa na wachache wa kuwachora. Nishikado aliuona upungufu huo, akauacha, ukawa roho ya mchezo wenyewe. Hapa pana funzo kwa mwigaji: anayeiga nguvu za mashine akaacha udhaifu wake, ameiga nusu. Mwigo mwaminifu huhifadhi hata kigugumizi cha msemaji.

Lakini wako wanaoupinga mwigo, nao hawapingi bure. Mtunzi hula jasho lake. Mchezo ukichukuliwa bila malipo, aliyeutunga hunyimwa haki yake, awe Mjapani au Mtanzania. Na Tanzania yenyewe, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, yazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Haiwezekani kudai sheria hiyo imlinde mwanamuziki wa Dar es Salaam, kisha kuidharau inapomlinda mtunzi wa Kyoto.

Ni lazima basi kutenga vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: kuiga mashine, na kunakili mchezo. Sony ilipoishtaki Connectix, kampuni iliyounda programu ya kuiga PlayStation, mahakama ya rufani ya Marekani iliamua mwaka 2000 kwamba kuichunguza programu ya ndani ya mashine ili kuunda nyingine ifanyayo kazi hiyo hiyo kulikuwa matumizi halali. Mwaka uliofuata Sony iliinunua programu ile na kuikomesha. Iliyoshindwa mahakamani ikashinda sokoni. Mchezo wenyewe ni habari nyingine: huo una mwenyewe, na kuusambaza bila ruhusa ni kosa. Shida ni kwamba mwenyewe mara nyingi hauuzi tena. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba katika kila michezo 100 iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, 13 tu ndiyo iliyokuwa ikipatikana madukani. Maktaba za huko ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti michezo hiyo kwa mbali, wakiwa nje ya majengo yao, zikakataliwa mwaka 2024. Basi mwanafunzi wa Marekani aweza kusafiri mpaka maktaba yenye mashine nzima. Wa Chitete asafiri kwenda wapi?

Katika swali hilo ndimo yalimo mashaka ya kweli. Wanaposhindana wenye michezo na waigaji, hushindana kana kwamba kila mtu aliwahi kuwa na kitu cha asili, na shauri lililobaki ni kama aruhusiwe kukumbuka. Kwa watu ambao mlango ulifungwa mwaka 1974, shauri si kukumbuka, bali ni kujua kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi wa fasihi hasomi tenzi za karne ya 18 katika miswada ya asili tu. Husoma nakala, na hapana amwitaye mwizi wa fasihi. Mchezo wa mwaka 1985 nao umekuwa andiko la historia: humo mna fikra za watu wa wakati ule juu ya kazi, hatari, bahati na wakati. Kumnyima mtu nakala, hali ya asili haipatikani, ni kumtoa katika historia hiyo mara ya pili.

Walakini mpenzi wa mambo ya kale naye ajihadhari. Mwigo huhifadhi kanuni, hauhifadhi baraza. Haurudishi benchi la kibanda cha gemu, wala kelele za wanaongoja zamu, wala ugomvi juu ya pedi iliyochakaa. Kama vile kitabu cha kanuni za bao kisivyorudisha kejeli za wazee chini ya mwembe. Historia hiyo haiandikwi na emuleta. Zile kaseti za michezo 9999, ambazo wakusanyaji wa ughaibuni walizidharau kwa kuwa ni bandia, ndizo hati halisi za namna michezo ya kompyuta ilivyofika katika nyumba nyingi za bara hili. Waliozicheza wangali hai, na wengi hawajafika miaka 50. Nazo zaoza makabatini, au zimekwisha tupwa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Bao halikuhitaji mkalimani, maana kila kizazi kilikifundisha kizazi kilichofuata kwa mkono na kwa mdomo. Mchezo wa kompyuta wahitaji wawili: fundi wa kuiga mashine, na mwandishi wa kuwauliza waliocheza. Wa kwanza amepatikana, naye hufanya kazi yake mpaka katika simu ya mkulima wa Momba. Wa pili angali anangojwa.