Watoto wa Kiyahudi waliofichwa mashambani Uholanzi

JESHI la Ujerumani lilipoivamia Uholanzi mnamo Mei 1940, nchi hiyo ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000. Zaidi ya 100,000 miongoni mwao hawakuiona siku ya ukombozi.

Jijini Amsterdam, waliokamatwa walikusanywa katika jumba la michezo ya kuigiza liitwalo Hollandsche Schouwburg, wakingoja garimoshi. Watoto wao walitengwa na kupelekwa ng'ambo ya barabara, katika kituo cha malezi kilichosimamiwa na Henriëtte Pimentel.

Hapo ndipo mwanya ulipopatikana. Pimentel alishirikiana na Walter Süskind, Myahudi aliyefanya kazi jumbani humo na kuvuruga orodha za majina, pamoja na Johan van Hulst, mkuu wa chuo cha ualimu kilichopakana na kituo. Wazazi waliombwa ridhaa kwanza. Kisha mtoto alitolewa kupitia chuoni, pengine akiwa ndani ya mfuko au kikapu. Wakati mwingine mlezi alingoja tramu isimame na kumziba macho askari wa zamu, naye akatoroka na mtoto. Yapata watoto 600 waliokolewa kabla ya kituo kufungwa Septemba 1943. Mwezi huo huo, Pimentel aliuawa Auschwitz.

Wanafunzi wa vyuo vikuu waliwasindikiza watoto hadi mashambani. Wenye nywele nyeusi aghalabu walipelekwa Limburg, kusini. Wenye nywele za rangi ya dhahabu, Friesland, kaskazini, ili wafanane na wenyeji. Kila mmoja alipewa jina jipya na kisa cha kukariri, mathalani kwamba alikuwa yatima wa Rotterdam, jiji lililoshambuliwa kwa mabomu mwaka 1940. Limburg alifunzwa sala za Kikatoliki. Friesland, ibada ya Kiprotestanti. Aliyefika akiwa mchanga hakumjua mama mwingine ila mke wa mkulima.

Amani ilizua swali ambalo masimulizi ya ushujaa hulipita haraka: mtoto huyu ni wa nani? Mayatima walikuwa takriban 2,000. Mnamo 1945 serikali iliunda tume chini ya Gezina van der Molen, mwanasheria Mprotestanti aliyekuwa mwanaharakati wa upinzani. Yeye alishikilia kwamba mtoto asing'olewe kiholela mikononi mwa waliomwokoa. Viongozi wa Kiyahudi walijibu kwamba jamii iliyokwisha kuangamizwa ilikuwa ikinyang'anywa hata watoto waliosalia. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, lakini mizani haikuwa sawa: katika tume hiyo Wayahudi walikuwa wachache.

Wengi hatimaye walirejeshwa kwa jamaa zao au katika makao ya Kiyahudi. Mamia walibaki kwa walezi. Msichana mmoja alifichwa kwa miaka mingi na walezi Wakatoliki waliokaidi amri ya mahakama. Alijitokeza hadharani mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 21, na akiwa Mkatoliki.