Godauni kugeuzwa soko na baraza: Kitale na Bungoma

Godauni ni ghala la mizigo ya biashara. Neno tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa huko Mashariki. Wamalei husema gudang. Katika miji mingi ya bandari na reli, maghala makongwe yaliyokwisha kazi siku hizi hayabomolewi. Hugeuzwa maduka, mikahawa na kumbi za sanaa, na vichochoro vilivyokuwa vya mikokoteni vikawa vya watu kutembea na kubarizi.

Liverpool, Uingereza, maghala ya Albert Dock yalifunguliwa 1846, yakajengwa kwa matofali, mawe na chuma pasi mbao, kwa kuuogopa moto. Yalifungwa 1972, yakafunguliwa upya 1988. Hapa kwetu Kenya, jambo lililo karibu na hilo ni GoDown Arts Centre ya Nairobi, iliyoanza 2003 katika maghala ya eneo la viwanda. Ila hiyo ni ya wasanii zaidi kuliko wachuuzi.

Kitale na Bungoma hazina mtaa wa namna hiyo, lakini asili yake wanayo. Reli ilifika Eldoret 1924, na tawi la Kitale likakamilika 1926. Bungoma iko kwenye njia kuu ya kwenda Uganda. Mahindi ya Trans Nzoia yaliteremka kwa reli hiyo mpaka Kilindini, kwa hivyo makuli wetu waliyajua magunia ya Kitale hata kama Kitale yenyewe hawakuiona. Malori yalipoichukua shehena, maghala ya stesheni yakapungukiwa na kazi.

Ghala la reli lina milango mipana, paa la juu, na sakafu iliyoinuliwa usawa wa behewa. Sakafu hiyo ni baraza tayari. Vinavyokosekana ni vyoo, mitaro na upenu mpana, maana mvua ya Kitale si ya mchezo. Tatizo kubwa ni kodi ya ardhi: aliyepewa mkataba wa miaka michache hatatengeneza paa la mtu mwingine.

Kisha kuna suala la nani ataingia. Singapore, matishari yaliyokuwa yakipakua mizigo mtoni yalihamishwa 1983, na maghala ya Clarke Quay yakafunguliwa kwa watalii 1993. Ni pazuri, taa kila mahali, lakini mwenye tishari hana lake pale. Bungoma, muuza ndizi za Mlima Elgon na muuza mitumba ndio walioipa stesheni uhai. Kodi ikipangwa kwa bei ya mkahawa, watarudi barabarani.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamruhusu Waziri kulitangaza jengo kuwa turathi katika Gazeti Rasmi, na wenye pingamizi hupewa muda wa kulileta. Tangazo hilo hulinda kuta. Vibanda vya wachuuzi havimo, na mahali pa kuvidai ni kwenye mkataba wa upangaji, kabla haujatiwa saini.