Sumu ya mahindi, jeraha la ini na chanzo cha saratani

KATI ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu katika eneo la Mashariki mwa Kenya. Wilaya za Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi. Wagonjwa waligeuka manjano macho na ngozi, kwa kuwa ini lilikuwa limeharibika.

Sumu hiyo, aflatoksini, hutolewa na kuvu wanaoota juu ya nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka vyema. Kati ya sampuli 350 za mahindi na unga zilizokusanywa masokoni wakati wa mkasa huo, asilimia 55 zilizidi kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni kilichoruhusiwa na sheria wakati huo. Asilimia saba zilizidi sehemu 1,000.

Vifo hivyo vilionekana na kila mtu. Kinachotisha zaidi ni dhara la kimyakimya, kwani anayekula kiasi kidogo kila siku haugui leo wala kesho. Ini hujaribu kuivunjavunja sumu, na katika kazi hiyo huigeuza kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye vinasaba vya chembe zake. Mara nyingi huharibika jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia chembe yenye kasoro isizaliane.

Hapo ndipo jeraha linapoingia. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hupoteza chembe za ini kila mara, na mwili hulazimika kuzaa nyingine kuziba pengo. Kila uzazi mpya ni nafasi ya kosa lililoachwa na sumu kurithiwa. Utafiti uliofanywa Shanghai, China, ulionyesha kuwa mwenye sumu na virusi kwa pamoja alikabiliwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 60 kuliko asiye na vyote viwili.

Wanasayansi wameutafuta ushirika wa aina hiyo hata katika uvimbe wa taya. Ule alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, kutokana na watoto aliowatibu Uganda, unahusishwa na virusi vya Epstein-Barr pamoja na malaria ya mara kwa mara. Katika maabara, utomvu wa mnyaa, mmea wa ua unaofahamika sana Ukambani, umeonekana kuviamsha virusi hivyo. Hata hivyo, matokeo ya maabara si hukumu juu ya ua wa mtu.

Kupika ugali hakuiondoi aflatoksini, maana haiishi kwa moto wa jikoni. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza, ingawa haiimalizi. La maana ni kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kutupa punje zilizooza, na kutoweka magunia yenye unyevu ndani ya nyumba. Wakulima sasa wanayo pia Aflasafe, kuvu wasio na sumu wanaomwagwa shambani ili wawasukume nje wale wenye sumu.

Kuhusu virusi, chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwishoni mwa 2001. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.