Viti vya Kanisani kama Mpangilio wa Historia: Richard Gough na Parokia ya Myddle

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia ya Uingereza iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo, anayetafiti historia ya parokia ya shamba huanzia kwenye daftari hilo. Hata hivyo, daftari hutaja jina na tarehe tu. Halielezi kwa nini ukoo fulani ulipoteza shamba lake, wala halimtaji mzaliwa wa kijiji aliyezikwa ugenini.

Pengo hilo linaonekana wazi katika kazi ya Richard Gough (1635–1723), mkulima na karani wa zamani aliyeishi Newton, katika parokia ya Myddle, jimbo la Shropshire. Mwaka 1700 aliandika kumbukumbu za parokia yake kwa utaratibu uliozoeleka wakati ule: mipaka, kanisa, mapadri na mabwana wa ardhi. Mwaka uliofuata alianza sehemu ya pili kwa utaratibu mwingine kabisa. Alichora ramani ya viti vya kanisani, kisha akapita kiti baada ya kiti akisimulia habari za familia zilizokuwa na haki ya kukikalia.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Kiti hakikuwa mali ya mtu. Kilifuata shamba au nyumba. Kwa hiyo, kueleza kiti kulimaanisha kueleza wote waliopata kuimiliki au kuikodi ardhi ile. Matajiri walikuwa na viti vyao, na wakazi wa vibanda nao walikuwa na vyao. Kila mmoja akapata zamu yake ya kusimuliwa. Walevi waliouza mashamba kwa ajili ya pombe, wezi na ndoa zilizovunjika hawakufichwa.

Gough alitumia daftari la parokia, mikataba ya kukodi ardhi, maelezo ya wazee na kumbukumbu zake mwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642, yeye alikuwa mtoto. Katika uzee wake aliandika kwamba watu 20 kutoka Myddle, Marton na Newton walikwenda kumpigania mfalme, na 13 kati yao waliuawa. Aliwataja mmoja mmoja. Daftari la maziko la Myddle lisingeweza kufanya hivyo, kwa kuwa huandika waliozikwa hapo tu.

Katika fasihi ya Kiswahili, *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi ina mpangilio tofauti. Masimulizi yake yanaanza na Mbega na kushuka pamoja na kizazi chake hadi Kimweri na vita vilivyofuata kifo chake. Uti wa mgongo wa kazi hiyo ni nasaba ya watawala. Raia huingia pale tu maisha yao yanapokutana na ya mtawala. Kwa Gough, uti wa mgongo ni mahali. Tofauti hii si ya mtindo pekee, kwani mpangilio wa masimulizi ndio unaoamua nani atakumbukwa. Hata mpangilio wa Gough una mipaka yake: mtumishi au mpita njia asiye na nyumba hana kiti, na hutajwa tu anapogusa habari za mwenye kiti.

Muswada wa Gough haukuchapishwa hadi mwaka 1834, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake. Kuchelewa huko hakukuiharibu kazi. Majina yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Anayekusanya leo historia ya parokia ya shamba hana budi, kabla ya kuuliza swali la kwanza, kuchagua atafuata utaratibu upi: nasaba, daftari, makaburi au mashamba. Wale ambao utaratibu huo hauwafikii, inampasa awatafute kwa makusudi wakati wazee wanaowakumbuka wangali hai.