Mtaala na Mtoto: Historia ya Mlango wa Darasa

Kila mwalimu aanzaye kazi hukabidhiwa vitu viwili: mtaala na watoto. Mtaala huja umekwisha kupangwa kwa mada na vipindi. Watoto huja kila mmoja na lugha ya kwao, kipawa chake, na pengine ulemavu wake au njaa yake. Sisi tulioingia katika kazi hii karibuni tunatambua upesi kwamba ugumu wa ualimu umo katika kuvikutanisha viwili hivyo. Ugumu huo haueleweki barabara pasipo kuitazama historia, maana mtaala si orodha ya masomo tu. Kila mtaala umebeba ndani yake jibu la swali moja: ni mtoto yupi anayehesabiwa kuwa mwanafunzi?

Wazee wetu walikuwa na elimu kabla ya kuwa na shule. Mtoto alijifunza kilimo shambani, ufugaji machungani, na wajibu wa utu uzima katika jando na unyago. Huko pwani, vyuo vya Kurani vilifundisha kusoma karne nyingi kabla ya utawala wa Wazungu. Hata hivyo, tusiipambe elimu hiyo kupita kiasi. Kazi nyingi na siri zake ziligawanywa kwa jinsia na kwa ukoo, na si kila mtoto aliyefunguliwa kila mlango.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali huko Tanga katika miaka ya 1890, haja yao ilikuwa kupata makarani, wakalimani na maakida. Waingereza nao waligawa elimu kwa rangi: Wazungu shule zao, Waasia zao, Waafrika zao. Hata miongoni mwa Waafrika palikuwa na uchaguzi. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, iliwalenga hasa watoto wa kiume wa machifu. Mtaala wa kikoloni ulimjua vizuri mtoto uliyemtaka; wengine hawakuwamo katika hesabu.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa. Machi 1967, Mwalimu Julius K. Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa nzito: elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, wala isiwe maandalizi ya wale wachache tu waendao sekondari. Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ifikapo mwaka 1977, ingawa mpango wa awali ulilenga mwaka 1989. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaufanya uandikishaji kuwa wa lazima. Ilipofika mwaka 1980, wanafunzi wa shule za msingi walikuwa zaidi ya milioni 3, na miongoni mwa walimu wao walikuwamo vijana wengi waliomaliza darasa la saba, wakijifunza ualimu huku wakifundisha.

Hilo lilikuwa tendo kubwa la utu, lakini lilituachia fundisho: kufungua mlango ni jambo moja, na kumfundisha aliyeingia ni jambo la pili. Madarasa yalifurika, vitabu havikutosha. Fundisho hilo lilijirudia karada ilipofutwa katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena mwaka 2016 ilipofutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne.

Watoto wenye ulemavu walipata mlango wao wa pembeni. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, zote zikiasisiwa na makanisa. Zilifanya kazi ya kusifiwa. Lakini mtoto alilazimika kuwaacha wazazi na kijiji chake ndipo aitwe mwanafunzi. Azimio la Salamanca la mwaka 1994 likauambia ulimwengu kwamba shule ya kawaida ndiyo ipasayo kujirekebisha impokee kila mtoto. Hapa nchini, sheria ya mwaka 2010 ilithibitisha haki ya watu wenye ulemavu kusoma katika shule za kawaida, na Novemba 2021 serikali iliwaruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni.

Wapo waulizao: je, kumzingatia kila mtoto hakutauvunja mtaala mmoja wa Taifa? Hapana. Umoja wa mtaala ni umoja wa lengo, si umoja wa njia. Mwalimu afundishaye sehemu katika hesabu aweza kukata muwa vipande vinne vilivyo sawa. Asiyeona atavipapasa, kiziwi atavitazama, na yule ambaye Kiswahili bado ni kigeni kwake ataonyesha robo kwa mkono kabla hajaitamka. Somo ni lile lile, na robo ni ile ile.

Kizuizi kikubwa kipo kwingine. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye kazi yake hupimwa kwa idadi ya waliofaulu mtihani, hushawishika kuwafundisha wale wa dawati la mbele na kuwaacha wengine wakinakili ubao. Akikubali kishawishi hicho, ameurudisha kimya kimya mtaala wa makarani, hata kama kitabu alichoshika kimepigwa chapa na Taifa huru. Sheria huweza kumfikisha mtoto hadi mlangoni. Haiwezi kumwita jina lake na kumwuliza swali. Kazi hiyo ni ya mwalimu, naye anastahili kupewa vitabu, vifaa na mafunzo ya kuitenda.

Vidole vya mkono havilingani, lakini hakuna mkulima ashikaye jembe kwa kidole kirefu peke yake.