Kifaransa au Kijerumani: Lugha ipi inamfaa kijana wa Mafia?

Na Mwandishi Wetu, Mafia

KILA unapowadia mwezi Oktoba, papa potwe huanza kuonekana kwa wingi katika maji ya Kilindoni, na pamoja nao hufika watalii wanaotaka kuogelea kando ya samaki huyo, mkubwa kuliko wote duniani. Msimu huo huendelea hadi Machi. Kwa vijana wanaoendesha mashua, wanaozamia na wageni katika Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, au wanaohudumu katika hoteli za Utende, Kiingereza pekee hakimtofautishi tena mtu na mwenzake anayeomba kazi ile ile. Ndipo linapokuja swali la lugha ya ziada, na mara nyingi swali hilo hubaki kati ya Kifaransa na Kijerumani.

Si swali la kujibiwa kwa kubahatisha. Vituo vinavyojulikana zaidi kwa lugha hizo nchini, Alliance Française kwa Kifaransa na Goethe-Institut kwa Kijerumani, viko Dar es Salaam. Mkazi wa Mafia anayetaka kusoma darasani hulazimika kuvuka kwa boti hadi Nyamisati na kuendelea kwa barabara, au kupanda ndege, kisha kupanga chumba mjini na kuacha kazi kwa miezi kadhaa. Anayechagua lugha isiyomfaa anaweza kupoteza kipato cha msimu mzima.

Ufaransa na Ujerumani zote ni miongoni mwa nchi za Ulaya zinazoleta watalii wengi Tanzania, hivyo idadi ya wageni peke yake haitoi jibu. Jambo lenye uzito zaidi ni namna wageni hao wanavyoweza kuwasiliana wasipopata mtu wa lugha yao. Uchunguzi wa maoni uliofanywa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ulionesha kuwa asilimia 56 ya wakazi wa Ujerumani waliweza kuzungumza Kiingereza, wakati Ufaransa waliokiweza walikuwa asilimia 39. Kwa maneno mengine, Mjerumani aliyeko ndani ya mashua ana nafasi kubwa zaidi ya kumwelewa kiongozi anayetumia Kiingereza. Kwa kijana anayekusudia kubaki kisiwani na kuishi kwa kazi ya utalii, hoja hiyo inaipa nguvu lugha ya Kifaransa.

Hata hivyo, historia ya kisiwa iko upande wa pili. Ujerumani iliichukua Mafia baada ya mkataba wake na Uingereza wa mwaka 1890 na kuitawala kwa muda mrefu kutokea kisiwa kidogo cha Chole, ambako magofu ya majengo ya enzi hizo yangali yanatembelewa. Waingereza waliiteka mwezi Januari 1915, na katika mwaka huo huo wakaitumia kama kituo cha ndege zilizosaidia kuiangamiza meli ya kivita ya Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Moja ya maandiko ya mwanzo yenye maelezo ya kina kuhusu Mafia liliandikwa na Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, na kuchapishwa kwa Kijerumani mwaka 1896. Kiongozi wa watalii awezaye kulisoma mwenyewe ana cha kueleza zaidi ya kuonesha kuta. Kiswahili nacho kimebeba kumbukumbu ya zama hizo: neno shule limetokana na Kijerumani, na hela limetokana na sarafu ya Heller.

Kuhusu ugumu, taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia huwatengea wazungumzaji wa Kiingereza wiki 30 za Kifaransa na wiki 36 za Kijerumani. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya Waswahili, lakini kinaashiria jambo. Kifaransa huanza na neno kuu na kulifuatisha sifa, kama Kiswahili kifanyavyo: papa potwe ni requin-baleine, yaani papa kwanza, nyangumi baadaye. Kijerumani hugeuza na kusema Walhai, nyangumi kisha papa. Kasa anayetaga katika fukwe za Juani huitwa Schildkröte, kwa tafsiri ya moja kwa moja “chura mwenye ngao”. Jinsia tatu za nomino za Kijerumani hazipaswi kumtisha mtu aliyekulia katika ngeli. Kinachosumbua ni viambishi vinavyobadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi. Kwa upande wa matamshi, Kijerumani husomwa karibu kama kilivyoandikwa, ilhali Kifaransa kimejaa herufi zisizotamkwa.

Kwa mwanafunzi aliyeko sekondari, Kifaransa kina faida iliyo wazi kwa sababu ni miongoni mwa masomo ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita, na hufundishwa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aidha, ni lugha ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika, na hutumika kwa majirani: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Komoro. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kuwa Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi za jumuiya hiyo pamoja na Kiingereza.

Anayewaza kuondoka nchini ana hesabu tofauti. Ujerumani imepungukiwa na wafanyakazi, hususan wauguzi, na sheria yake ya mwaka 2020 ililegeza masharti kwa wenye ujuzi kutoka nje ya Ulaya. Tangu Juni 2024 ipo pia kadi ya fursa, inayomruhusu mwenye sifa kwenda kutafuta kazi akiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2. Kenya ilitia saini makubaliano ya ajira na uhamiaji na Ujerumani Septemba 2024. Ieleweke, hata hivyo, kuwa A1 ni ngazi ya chini kabisa kati ya sita. Anayetaka kazi ya uuguzi kwa kawaida hudaiwa B1 au B2, na huko hakufikiwi kwa miezi michache.

Kabla ya kulipa ada na nauli, kijana anaweza kuzijaribu lugha zote mbili bila malipo kwa simu yake. Deutsche Welle, ambayo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1963, ina masomo ya Kijerumani katika tovuti yake, na Radio France Internationale, iliyoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 2010, ina ya Kifaransa. Wakati mwafaka wa kufanya hivyo ni kuanzia Aprili, mvua za masika zinapopunguza wageni na mashua nyingi kubaki ufukweni.